Mtoto Niliyemwacha Chini ya Ukurasa

Zaina, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la aliyenizaa, na kwa sababu tangu ujue kusema umekuwa ukinigombeza kwa mtindo wake uleule. Sasa mmeenda Birere, wewe na mama yako, kumuaga bibi yako. Nyumba imebaki na mimi na kuku wawili ambao hawana habari kwamba kesho asubuhi unaondoka. Nimebakiwa na saa mbili, labda tatu nikikumbuka namna bibi yako anavyoaga watu, na barua hii nataka iwe ndani ya begi lako kabla ya magharibi.

Sitakuandikia habari za sweta, pasipoti, wala dawa ya tumbo. Mama yako amezisema zote, shangazi zako wamezirudia, na baba yako mdogo Saidi atazisema tena njiani, maana gari lake halina redio na yeye hawezi kukaa kimya mpaka mfike mpakani Bunagana. Najua utakula. Najua utasali. Najua ukifika Kampala utampigia mama yako kwanza, mimi nitapewa simu mwishoni salio likiwa karibu kuisha. Yote hayo nimeyakubali. Ninachotaka kukuandikia ni lile neno ulilosema Jumatatu.

Tulikuwa tunakula bugali na sombe. Ulituambia kwamba kampuni ya Kampala imekwisha kukutumia orodha ya tovuti utakazoanza nazo, ukatueleza ipi imeoza na ipi ina nafuu, nikawa nakusikiliza kwa fahari hata nikasahau kutafuna. Kisha, huku unamega tonge, ukasema kama mtu anayetaja mvua ya jana:

"Papa, ile mambo ya kuandika hadithi, niliacha. Ulikuwa na haki. Mutu hawezi kushika zote mbili."

Zaina, miaka minne nimengoja kusikia maneno hayo. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nilisema ni vizuri, nikatoka nje kujifanya nakagua pipa la maji. Haikuwa vizuri, na mimi sikuwa na haki. Neno hilo nilikutia mimi kinywani, na kabla hujavuka nalo mpaka, inabidi ujue lilitoka wapi.

Hadithi ya skrini unaijua, wajomba zako huicheka kila Idi. Mwaka 2002, mlima ulipolipuka na lava kuingia katikati ya mji wetu wa Goma, nilikuwa kijana nafanya kazi ya kupigia watu barua kwenye ordinateur, yaani kompyuta, kwa patroni mmoja karibu na soko. Watu walikuwa wanakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Patroni alipiga kelele tuokoe vyombo, nami nikachukua skrini, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, nikajitwika kichwani nikaenda nayo kwa miguu mpaka ng'ambo. Nilipoitua nikakuta nimebeba skrini iliyokufa, ile tuliyokuwa tunawekea kikombe cha chai. Hapo ndipo wajomba zako hucheka, na mimi hucheka nao.

Lakini hiyo ni nusu. Chini ya benchi langu, karibu na mguu wangu wa kulia, kulikuwa na madaftari yangu saba. Nilikuwa naandika hadithi tangu sekondari. Niliyaona. Nakumbuka kabisa kwamba niliyaona, na kwamba nilijiambia: nikionekana njiani na madaftari watu watanicheka, nikionekana na skrini watasema huyu ni mtu wa kazi. Lava ilipita juu ya nyumba ile ikaiziba mpaka kwenye madirisha. Leo kuna duka la mabati pale, na mimi ndiye mtu pekee Goma anayejua kwamba chini ya yale mabati kuna madaftari.

Baada ya hapo nilijifunza kutengeneza tovuti. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafungua kurasa za watu, natazama zilivyoshonwa ndani, naziiga, zinaharibika, naanza upya. Ulipozaliwa nilikuwa tayari nimepata wateja: hoteli moja, ushirika wa wakulima wa kahawa, shule mbili, hata msikiti wetu. Kazi ilikuwa tamu. Ukikosea alama moja ukurasa unakataa, na unakukatalia peupe, bila haya wala upendeleo. Watu wanaokupenda husifu hata hadithi mbovu. Mashine haisifu. Ukali wote nilionao juu ya maandishi yangu niliupata pale.

Na hadithi nazo zilinisaidia kazini, ingawa sikumwambia mtu. Nilipotengeneza ukurasa nilikuwa namwona mtu atakayeufungua: mama fulani wa sokoni, kioo cha simu kimepasuka, salio kidogo, mvua inaanza. Ndiyo maana kurasa zangu zilikuwa nyepesi na vitufe vyake vikubwa. Wateja walidhani ni ufundi tu.

Sasa nikwambie ujinga wangu, maana sidhani mtu mwingine angeweza kuufanya. Unajua tunavyofanya tukiwa tunangoja mteja alete maneno yake: ukurasa hauwezi kukaa mtupu, unaweka maandishi ya kujazia ili uone unavyokaa. Mafundi wenzetu duniani hujaza kwa Kilatini kisicho na maana. Mimi nilijaza kwa hadithi. Kwenye ukurasa wa vyumba vya ile hoteli niliandika habari za mgeni aliyelala na viatu siku tisa kwa kuuogopa mlima. Mwenye hoteli alipokuja kuangalia kazi alisoma, akacheka, akaniuliza yule mgeni aliishia wapi. Wiki nzima nilitembea nimenyoosha mabega. Kisha zikaja picha za vitanda na maneno yake mwenyewe, nikamfuta yule mgeni.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwa miaka. Hadithi zilikuwa zinaishi wiki mbili, mteja analeta maneno, nafuta. Nilijiambia naandika. Kumbe nilikuwa najificha. Nilikuwa baba, nina mke, nina mama, wadogo zangu wananitegemea, na niliona aibu mtu kama mimi kukaa mezani kuandika vitu ambavyo havikutokea. Lakini ukijificha ndani ya kazi ya watu haionekani umekaa. Inaonekana unafanya kazi.

Mwaka wa vita ile ya 2012, waasi walipokuwa wanateremka kutoka Rutshuru na watu wa Kibumba kujazana Kanyaruchinya, shirika moja dogo lilinipa kazi. Walikuwa wanaorodhesha watoto waliopoteana na wazazi wao njiani. Walitaka tovuti: jina, umri, nguo, mahali alipopatikana, nani anamtunza. Nilipewa wiki mbili. Kabla hata wiki moja haijaisha hali ikawa mbaya, wakaniambia wanaitaka siku hiyohiyo.

Ili kuijaribu nilikuwa nimetunga watoto kumi wa uongo. Tisa walikuwa jina na umri tu. Wa kumi nilimwita Neema, miaka sita, sweta ya njano. Pale penye nafasi ya maelezo ningeandika neno lolote, au ningeacha wazi. Niliandika kwamba mtoto huyu hakubali kula mpaka kwanza amwekee mama yake chakula kando, na kwamba sahani ile ya mama anailalia karibu usiku, asubuhi anaitazama kama imeguswa.

Nilipomaliza niliyasoma tena kwa sauti. Nilijua ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kuandika.

Nikafuta wale tisa, nikaingiza watoto wa kweli waliokuwa kwenye orodha ya shirika. Watu wote, mama yako pamoja nao, nimewaambia kwamba Neema nilimsahau. Zaina, sikumsahau. Nilikuwa sijamnakili popote. Umeme ulikuwa unakatika kila baada ya dakika chache, mafuta ya jenereta yalikuwa yamebaki kidogo, nikajiambia nimsogeze chini kabisa ya ukurasa ambapo hakuna atakayeshuka, kesho nitamnakili kwenye karatasi kisha nimfute. Nikasukuma kazi hewani. Kesho yake umeme haukurudi, wala kesho kutwa.

Sikufikiri kwamba kule kambini hakuna mtu mwenye intaneti. Wafanyakazi wa shirika walikuwa wamechapisha orodha yote, juu mpaka chini, wakaibandika kwenye mbao Kanyaruchinya.

Siku ya nne niliitwa ofisini. Kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa Kibumba aliyesomewa ile orodha kambini, kitenge kimelowa, miguu ina tope jeusi la njia nzima. Mapajani alikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha, amekifunga kwa kitambaa. Kijana wa mapokezi aliniuliza kwa upole huyu mtoto wa mwisho anatunzwa na nani, maana jina la mtunzaji halipo. Mama hakumngoja amalize.

"Niko natafuta Neema wangu," alisema. "Njo yeye, ule wa kwenye karatasi. Alikuwaka ananiwekea."

Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia: "Mama, unisamehe. Ule mutoto hayuko. Ni mimi nilimuwaza, nikamuandika."

Hakulia, hakunitukana. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kweli kuelewa: "Kama hayuko, nani alikuambia vile alikuwaka ananiwekea chakula?"

Sikumjibu siku ile. Wewe nakujibu leo. Aliyeniambia ni wewe. Ulipokuwa na miaka minne, mitano, nikichelewa kazini ulikuwa unakataa kula mpaka mama yako anipakulie sahani yangu, uiweke mwenyewe chini ya kiti changu, na paka ulikuwa unampiga kwa ndara akiisogelea. Nilichukua kitu chako, nikampa mtoto ambaye hayupo, na mama mwingine akamtambua mwanawe humo. Huenda watoto wengi wa Kibumba walikuwa wanafanya hivyohivyo. Hilo sikulifikiria.

Nilimtafuta Neema wa kweli pamoja na yule mama. Tulizunguka makanisa, mashule, vibanda vya Kanyaruchinya, hospitali. Kitenge chake nilikijua hata kwa mbali. Nilimwonyesha nyumba yetu hapa Katoyi ili akisikia neno lolote aje. Kisha waasi wakaingia mjini, kambi ikatawanyika usiku mmoja, nikampoteza na yeye. Wewe ulikuwa na miaka minane. Unachokumbuka labda ni kwamba tulilala chini ya vitanda na kwamba baba alikuwa mkali bila sababu.

Sababu ilikuwepo. Niliapa kutoandika tena, na kiapo hicho kilikuwa rahisi mno, ndiyo maana sasa nakitilia shaka. Kosa langu halikuwa kuandika. Kosa lilikuwa kuficha: kuweka hadithi mahali ambapo watu wamekuja kutafuta ukweli, kwa sababu niliona haya kuipa mahali pake yenyewe. Lakini mwenye kosa alikuwa mimi, na kujiadhibu mimi kulikuwa kugumu, basi nikaadhibu hadithi. Nikaanza kusema hadithi hazilishi mtu. Nikasema mara nyingi hata ikawa kama hekima ya nyumba hii.

Halafu ukaanza wewe.

Ulidhani sikuoni. Daftari la gamba la bluu, chini ya godoro, kalamu mdomoni wakati unasonga bugali. Mlima ulipolipuka tena mwaka 2021, na siku zile za tetemeko tukaambiwa tuhame, tulikuwa tunapakia kwenda Sake. Mikono yako ilikuwa imejaa. Nikakwambia mbele ya mama yako: "Acha ile kaye, beba ordinateur." Uliniangalia, ukaliweka daftari juu ya kiti, ukabeba ordinateur. Nilikufanyia uleule ujinga wa skrini, na sikucheka.

Tuliporudi mlango ulikuwa umevunjwa. Wezi walikuwa wamechukua redio, sufuria kubwa na mapazia. Mimi ndiye niliyeingia kwanza. Nikakwambia wamechukua na daftari. Wewe ukatazama jiko la makaa lililokuwa bado pale mlangoni, ukaniuliza: "Mwizi gani anaiba kaye, anaacha mbabula?" Nikajibu kwamba wezi wa siku hizi hawana akili. Ukaenda nyuma ya nyumba. Nilikusikia unalia, nikaenda kutafuta fundi wa mlango.

Daftari lilikuwa palepale juu ya kiti, Zaina. Wezi hawakuligusa. Nililichukua mimi, nikalifungia ndani ya ile ordinateur iliyokufa iliyoko chini ya meza yangu, nikakaza skrubu nne. Nilijua hapo hafiki mtu, kwa kuwa katika nyumba hii ni mimi tu ninayefungua vitu vilivyokufa.

Siwezi kupamba neno hili. Nilikuibia, kisha nikasingizia wezi. Nilijiambia nakulinda. Niliogopa siku moja na wewe utaandika kitu, mama fulani atembee kwa miguu kutoka mbali akikifuata, halafu ukose la kumwambia. Basi nikakuvuta kwenye msimbo wa tovuti, nikakufundisha yote niyajuayo, ukanipita ndani ya mwaka mmoja. Furaha yangu juu ya kazi yako ni ya kweli, naomba usiitilie shaka. Siku ile ulipokuta kosa katika ukurasa wangu wa zamani ukanicheka, nilienda kusimulia sokoni.

Mwaka huu, kambi zilipovunjwa na watu kuanza kurudi makwao, mtu alibisha mlango hapa saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa kazini. Alikuwa ni Mama Neema. Amezeeka, na mimi nimezeeka, lakini alikuwa ameikumbuka nyumba. Alikuwa anarudi Kibumba, akasema hawezi kupita Goma bila kunisalimia, maana katika siku zile mbaya ni mimi niliyetembea naye. Mama yako alimpa chai. Tukaongea mambo ya viazi na mvua. Mwishoni, akiwa amekwisha kusimama, akaniuliza:

"Ule mutoto wako wa kuwaza, alifikaka kwabo?"

Nikamwambia hakufika kwao, maana sikumwandika tena. Hakuandikwa mwisho.

"Umumalizie," akasema. "Wangu, sijue iko wapi. Lakini wako, ni weye tu unaweza kumufikisha."

Akaaga, akaenda. Mama yako alinitazama, mimi nikachukua vikombe kwenda kuviosha, jambo ambalo alielewa mara moja kwamba si la kawaida. Nilimweleza yote siku hiyo, isipokuwa la daftari. La daftari aligundua mwenyewe wiki iliyopita, alipofungua ile ordinateur iliyokufa kutafuta skrubu za kukazia begi lako. Hakunifokea. Aliliweka juu ya mto wangu, akasema, "Rudishia mutoto kintu yake." Tangu hapo ananipakulia chakula bila kuniangalia.

Basi daftari liko hapa, chini ya barua hii. Nimelisoma mara nne. Mara tatu katika hizo ilikuwa ni zamani, nikifungua zile skrubu mkiwa mmelala, na sijui nikuombe msamaha kwa hilo pia au ufurahi kwamba ulikuwa na msomaji. Ile hadithi ya mama anayeuza beignets, maandazi yetu, asubuhi kwa wanajeshi na jioni kwa waasi, anayewatambua kwa namna wanavyoomba sukari, mimi nisingeweza kuiandika. Nakwambia kama fundi, si kama baba. Ila mwisho umeuharibu. Ulimuua yule mama kwa sababu ulichoka, na ulichoka kwa sababu ulikuwa unaandika umejikunja chini ya shuka, unasikiliza kama nakuja. Hilo la mwisho ni deni langu.

Hutakuwa na baba mlangoni huko Kampala. Utakuwa na kazi tu, na kazi yetu hii haishibi. Kila siku kutakuwa na mteja anayetaka leo, na tovuti iliyoanguka, na mtu aliyesahau nywila. Sijui utagawaje siku yako. Mimi nilishindwa kuigawa, ndiyo maana siwezi kukuchorea ratiba. Ninachojua ni hiki tu: ukisema utaandika kazi ikiisha, hutaandika, na ukiandika kwa kuibia ndani ya kazi ya watu, itakuja siku utaona aibu niliyoiona mimi. Ipe saa yake, hata iwe moja baada ya alfajiri kabla hujafungua mashine, na karatasi yake, na wenzako wa ofisini waambie kwa kinywa kipana kwamba wewe unatengeneza tovuti na unaandika hadithi. Watakaocheka wacheke. Nimebeba skrini iliyokufa kuvuka mpaka kwa kuogopa kicheko, nakuhakikishia kicheko ni chepesi kuliko skrini.

Na ikitokea umechoka kweli, mwaka mzima usiandike neno, hilo nalo halina ubaya. Acha kwa sababu umechoka. Usiache kwa sababu nilisema.

Leo, mlipotoka tu, nilikaa hapa mezani, mlango wazi, nikiwa na kalamu na karatasi, mtu yeyote wa mtaani anaweza kuniona. Jirani amepita akauliza kama naandikia serikali. Nimemwambia naandika hadithi. Akasema haya, akaendelea na safari yake, na mbingu hazikuanguka. Miaka yote hii, Zaina.

Nimemfikisha Neema kwao. Kurasa tano. Sikumpa miujiza. Anatembea kutoka Kanyaruchinya na watu wengine, anachoka, anabebwa kidogo, anashushwa, na mlango wa nyumba kwao una kufuli jipya asilolijua. Anakaa kizingitini anangoja. Mama yake anakuja na kiazi kwenye kitambaa. Hapo wanabishana nani ale kwanza, na wanabishana kwa muda mrefu, kwa sababu sikutaka waache. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu wa mbali ataziona, nimeandika: HII NI HADITHI.

Saidi nimekwisha kuongea naye. Njia ya Bunagana inapita Kibumba, na kesho nitapanda gari na ninyi mpaka hapo, kisha nitarudi kwa pikipiki. Amelalamika, kama unavyomjua, lakini amekubali kusimama. Mama Neema aliniambia nyumba yake iko mkono wa kushoto baada ya kanisa, ina uzio wa mawe meusi. Yeye hajui kusoma. Nitamsomea mimi, kwa mdomo wangu. Sijui atasema nini. Labda ataniambia nimwondolee upuuzi, na atakuwa sawa.

Nilitamani kukuomba ushuke usikilize, lakini baada ya daftari sina uso wa kukuomba kitu. Ukikasirika, una kila sababu. Kaa garini, na mimi nitakuaga dirishani, nitaelewa, na mapenzi yangu hayatapungua hata kwa unyoya wa kuku. Ukishuka, tutakaa benchi moja.

Vyovyote utakavyoamua, nitamwomba Saidi asimamishe karibu na uzio na azime injini. Na nitasoma kwa sauti ya juu kidogo, ili ifike mpaka garini.

Baba yako